Sura ya Nne: Ibada Juu ya Mawe ya Volkano

Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, giza lilipoingia, Nyiragongo ilipasuka. Kwa Wakristo ulikuwa mkesha wa Pentekoste, sikukuu ya kukumbuka ndimi za moto zilizowashukia mitume, na watu wa Munigi, Kibati na Buhene walioutazama mlima usiku ule hawakuhitaji kuelezwa moto wa mbinguni unafananaje. Walibeba watoto na magodoro, wakashika njia. Lava ilikula nyumba na mashamba, ikakata barabara ya Rutshuru, ikaja kusimama Buhene, karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Goma. Watu wapatao 30 walipoteza maisha.

Siku 16 kabla ya hapo, tarehe 6 Mei, mkoa mzima wa Kivu Kaskazini ulikuwa umewekwa chini ya jeshi. Gavana wa kiraia alimpisha Luteni Jenerali Constant Ndima. Mameya na wakuu wa teritwari waliwapisha maofisa wa jeshi na polisi. Kesi za jinai za raia zilihamia mahakama za kijeshi. Wakongo wanaiita hali hiyo kwa Kifaransa, état de siège, na hata mama anayeuza viazi kando ya barabara hulitamka neno hilo bila kutafuta tafsiri, kwa sababu limeingia nyumbani kwake. Amri ile ilichukua mengi. Sura hii inahusu kitu ambacho haikuweza kukichukua.

Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 ina ibara iliyoandikwa kwa ajili ya siku kama zile. Ni ibara ya 61. Inataja mambo saba yasiyoguswa hata nchi ikitawaliwa na jeshi. La kwanza ni haki ya kuishi. Baada yake inakuja marufuku ya kutesa, kisha marufuku ya utumwa. Mtu asiadhibiwe kwa kosa ambalo sheria haikulitaja. Mshtakiwa ajitetee na akate rufaa. Mtu asifungwe kwa sababu ya deni. La saba na la mwisho ni uhuru wa mawazo, dhamiri na dini.

Uhuru wa kutembea usiku unaweza kuondolewa kwa tangazo la redio. Maandamano yanaweza kupigwa marufuku. Lakini dini imewekwa rafu moja na uhai wenyewe. Kifungu cha nne cha Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao nchi hii iliuridhia tarehe 1 Novemba 1976 ikiwa bado inaitwa Zaire, kinasema hivyo hivyo: hata katika dharura inayotishia uhai wa taifa, serikali haina ruhusa ya kusimamisha kifungu cha 18, yaani uhuru wa dini. Nimekutana na wanasheria wasiolijua hilo. Wanajeshi wengi hawajawahi kuambiwa.

Ukitoka Goma kwenda Rutshuru, ukiuacha uwanja wa ndege nyuma yako, Munigi inaanza bila kukuarifu. Iko katika uchifu wa Bukumu, teritwari ya Nyiragongo. Udongo ni mchache, mawe ni mengi: meusi, makali, yenye matundu. Msingi wa nyumba ni mawe, ua ni mawe, na chukudu, vyombo vya mbao vya magurudumu mawili, zinazoshuka na mizigo kuelekea mjini huruka juu ya mawe. Kanisa nalo huanza kama nyumba: nguzo nne za miti, turubai juu, mabenchi ya mbao yaliyopigiliwa jana. Waumini wakiongezeka huja mbao za ukutani, kisha mabati. Jumamosi utasikia Wasabato, Jumapili Wakatoliki, Wabaptisti na makanisa ya uamsho yasiyohesabika.

Nimeichagua Munigi kwa sababu ni mahali ambapo watu hufika wakiwa wamepoteza kila karatasi. Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda walivuka kwa mamia ya maelfu, na Munigi ikawa mojawapo ya sehemu walizolala. Kipindupindu kiliwaua kwa kasi iliyowashinda wazikaji, maana jiwe la volkano halichimbiki kwa jembe. Kuanzia Oktoba 2022 vita vya waasi wa M23 viliwasukuma watu wa Rutshuru na vijiji vya Nyiragongo kusini, na Munigi na jirani yake Kanyaruchinya zikajaa tena. Madaktari Wasio na Mipaka walifungua kituo cha kutibu kipindupindu pale pale Munigi. Madarasa yakawa vyumba vya kulala. Makanisa pia.

Katika kambi, turubai la Mkatoliki hugusana na la Msabato, na la Msabato na la Mpentekoste. Jengo la ibada limebaki kwenye mapigano, padri au mchungaji kapotelea njiani. Jumapili ya kwanza watu kumi wanakusanyika na kuimba. Je, wanaruhusiwa? Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 inayataka makanisa yajiandikishe kama jumuiya zisizo za faida, na cheti kinatoka Wizara ya Sheria huko Kinshasa. Watu wale kumi hawana hata cheti cha kuzaliwa. Jibu la sheria ya kimataifa liko wazi, nalo ndilo jambo la kwanza ningependa kila mkuu wa kambi alijue: usajili unalipatia kanisa uwezo wa kumiliki kiwanja na kufungua akaunti benki, lakini haki ya kusali haianzi siku ya muhuri. Mtu ameibeba tangu alipotoka nyumbani.

Wengi hudhani mambo haya ya haki yalizaliwa mwaka 1948 huko Paris na kufika kwetu yakiwa yamechelewa. Ukweli ni mchungu zaidi. Uhuru wa dini wa watu wa Kongo ulilindwa kwa mkataba wa kimataifa miaka mingi kabla ya hapo. Mkataba Mkuu wa Berlin, uliotiwa saini tarehe 26 Februari 1885 na mataifa yaliyokuwa yakigawana Afrika, ulikuwa na kifungu cha sita kilichohusu bonde la Kongo. Kiliahidi uhuru wa dhamiri na uvumilivu wa dini kwa wenyeji kama kwa wageni. Wenyeji walitajwa kwa neno. Ahadi ilikuwa kamili kwenye karatasi, na hakuna hata Mkongo mmoja aliyekuwepo chumbani ilipoandikwa.

Miaka 36 baadaye ahadi hiyo ilipimwa. Tarehe 6 Aprili 1921, huko Nkamba katika Kongo ya Chini, Simon Kimbangu alianza kuhubiri na kuombea wagonjwa. Watu waliacha mashamba na kazi za Wazungu wakamfuata. Wabelgiji waliiweka sehemu hiyo chini ya utawala wa kijeshi, wakamkamata, wakampeleka mbele ya mahakama ya kijeshi ya Thysville, mji unaoitwa leo Mbanza-Ngungu, na tarehe 3 Oktoba 1921 akahukumiwa viboko 120 na kifo. Mfalme Albert wa Kwanza alibadilisha kifo kuwa kifungo cha maisha. Kimbangu alipelekwa Elisabethville, yaani Lubumbashi, akafia gerezani tarehe 12 Oktoba 1951.

Weka tarehe hizo sambamba na nyingine. Tarehe 10 Desemba 1948, Ubelgiji ilipolipigia kura ya ndiyo Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu, ambalo kifungu chake cha 18 kinampa kila mtu uhuru wa kuifuata dini yake na kuibadili, peke yake au pamoja na wenzake, Kimbangu alikuwa ametimiza miaka 27 gerezani. Hakuna aliyeenda kumfungulia. Kanisa lake lilitambuliwa Desemba 1959, miezi sita kabla ya uhuru, na ni tangu mwaka 2023 tu ambapo tarehe 6 Aprili ni sikukuu ya taifa.

Kivu nayo ilikuwa na kesi yake. Vijitabu vya Watch Tower vilipopanda kutoka kusini kupitia migodi ya Katanga, watu walilichukua neno hilo la pili, *tower*, wakalivalisha kiambishi cha kwao: Kitawala. Mwaka 1944 huko Masisi na Lubutu, mhubiri wa Kitawala aliyeitwa Bushiri aliwaongoza watu kuasi kazi za shuruti na kodi za wakati wa vita, na waasi wakazimwa kwa damu. Je, ile ilikuwa dini au siasa? Mkoloni alijibu haraka kwamba ni siasa, akaipiga marufuku imani nzima, pamoja na waliokuwa wakisali tu nyumbani. Likumbuke kosa hilo, kwani lilirudi mwaka 2023 likiwa limevaa sare nyingine.

Sasa tuingie ndani ya sheria yenyewe, taratibu, maana hapa ndipo watu wengi hupotea.

Nyumba ya Mswahili ina baraza na ina ndani. Barazani hukaa yeyote: jirani, mgeni, mkusanya kodi. Kwenye baraza kuna adabu za mtaa, na mtaa una haki ya kusema. Ndani haingii mtu asiyekaribishwa. Kifungu cha 18 cha Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa kimejengwa hivyo hivyo. Kuamini, kutoamini, kuacha dini, kuingia nyingine: hayo ni ya ndani, na serikali haina mlango wa kuyafikia, wakati wa amani wala wa vita. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, katika ufafanuzi wake namba 22 wa mwaka 1993, ilisema ulinzi huo unamfunika pia asiye na dini yoyote. Kuonyesha imani ndiko barazani: kuimba, kuandamana, kujenga, kufundisha, kuvaa. Hapo sheria inaweza kuweka mipaka, lakini kwa masharti. Mpaka uwe umeandikwa katika sheria. Uwe wa lazima kweli. Na ulenge mojawapo ya mambo yaliyotajwa: usalama wa umma, utulivu, afya, maadili, au haki za watu wengine.

Isome orodha hiyo tena, utaona neno lisilokuwemo. Usalama wa taifa haupo. Umo katika kifungu cha mikutano na katika kifungu cha kusema, lakini katika kifungu cha dini waliuacha nje, na Kamati ikasisitiza kwamba kisichotajwa hakiruhusiwi. Ofisa anayefunga kanisa kwa maneno mawili, “usalama wa taifa”, ametaja sababu ambayo mkataba ulioridhiwa na nchi yake haumpi.

Mipaka ya haki ipo, na Munigi inaijua kuliko miji mingi. Kipindupindu kikiwa kambini, daktari akasema watu wasinywe maji ya pipa moja baada ya ibada, hilo ni afya. Mlima ukitoa moshi, gavana akakataza mkusanyiko kwenye njia ya lava, awe padri au shekhe au mwenye baa, hilo ni usalama wa umma. Spika za kanisa zikikesha zikipiga hadi alfajiri karibu na wagonjwa, sheria ya kelele inaweza kuzipunguza, mradi iipunguze na baa ya jirani. Ikianza kuchagua dini, si sheria ya kelele tena.

Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Banjul, Gambia, ililiweka hili wazi katika kesi iliyotoka nchi hii hii. Rais Mobutu alikuwa amelizoea suala la dini kama alivyozoea kila kitu kingine: lazima lipite mkononi mwake. Sheria yake ya tarehe 31 Desemba 1971 ilitambua makanisa matatu tu, la Kikatoliki, la Kiprotestanti lililounganishwa, na la Kimbangu. Mwaka 1972 alifuta majina ya Kikristo, na padri aliyembatiza mtoto kwa jina la Petro au Maria alitishiwa jela. Kadinali Malula alipopinga alilazimika kukaa Roma kwa muda. Mwaka 1974 Krismasi ilikoma kuwa siku ya mapumziko na shule za makanisa zikachukuliwa na serikali. Wazee wa Goma wanaoitana hadi leo kwa majina ya wakati ule, majina mazuri ya mababu, wanakumbuka pia kwamba hawakuulizwa.

Mwaka 1986 zamu ikawafikia Mashahidi wa Yehova. Amri ya rais iliivunja jumuiya yao. Walikamatwa, mali zao zilichukuliwa, na watoto wao wakafungiwa milango ya shule. Malalamiko yalifika Banjul, yakaunganishwa na mengine matatu yaliyohusu mateso, mauaji na vifungo bila kesi, na Tume ikaiandikia serikali ya Zaire ijibu. Haikujibu. Tume ikaomba kutuma wajumbe. Kimya. Mwaka 1995 ikaamua: serikali inayonyamazia tuhuma, Tume itahukumu kwa maelezo yaliyo mezani.

Hoja ya Tume kuhusu Mashahidi wa Yehova ni fupi, na kwangu ndiyo sentensi yenye thamani kubwa kuliko zote katika sheria ya dini barani kwetu. Kifungu cha 8 cha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu kinaruhusu kuibana dini kwa ajili ya sheria na utulivu. Sawa. Lakini serikali haikuleta ushahidi wowote kwamba ibada za watu hawa zinatishia utulivu huo. Basi kuwasumbua ni kuvunja kifungu cha 8. Angalia mzigo uliko. Muumini hatakiwi kuthibitisha kwamba dini yake ni nzuri, ni ya zamani, ina wasomi, au inapendwa na majirani. Mashahidi wa Yehova hawakupendwa na wengi. Hawakuimba wimbo wa chama wala kusalimu bendera. Mwenye mamlaka ndiye anayeulizwa: ushahidi uko wapi?

Lazima nikiri kwamba uamuzi ule haukuwa na polisi wa kuutekeleza. Mobutu alibaki madarakani hadi Mei 1997. Marufuku yenyewe ilikuwa imekwisha kubatilishwa mwaka 1993 na Mahakama Kuu ya Zaire, kabla Banjul haijasema. Hilo linanipa moyo kuliko jambo lolote katika kisa hiki. Majaji wa nchi, wakati dikteta bado yupo, walifuta amri iliyokuwa na saini yake.

Alfajiri ya tarehe 30 Agosti 2023 swali lile la ushahidi lilihitajika Goma, na hakuna aliyeliuliza.

Kundi la kidini lenye jina refu, ambalo kwa Kiswahili ni kama Imani ya Asili ya Kiyahudi na Kimasiya kwa Mataifa, lilikuwa limeitisha maandamano ya kutaka majeshi ya Umoja wa Mataifa na ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yaondoke. Waumini walijiita pia Wazalendo, jina ambalo makundi yenye silaha nayo yanalitumia, na mkanganyiko huo umewaponza wengi. Meya alikuwa ameyakataza maandamano. Kabla hata hayajaanza, askari wa Walinzi wa Rais walifika na kufyatua risasi. Redio ya kundi hilo ilivamiwa, na kanisa lao lilichomwa. Polisi mmoja naye aliuawa kwa kupigwa mawe siku hiyo. Serikali ilitangaza vifo 43, majeruhi 56 na watu 158 waliokamatwa. Hesabu za baadaye zilivuka vifo 50.

Tarehe 2 Oktoba mwaka huo mahakama ya kijeshi mjini ilimhukumu Kanali Mike Mikombe, aliyekuwa mkuu wa Walinzi wa Rais Goma, adhabu ya kifo, na askari wengine watatu miaka kumi kila mmoja. Makumi ya waumini nao walipandishwa kizimbani. Siwezi kusema haki haikujaribiwa kutendwa. Ni mara chache ofisa wa cheo hicho kusimama mbele ya wafiwa hapa kwetu. Lakini sikiliza neno lililotumika tangu saa ya kwanza: *secte*. Kundi la kimafumbo. Neno hilo lilifanya kazi yake kabla ya risasi. Lilimwambia msikilizaji kwamba hawa si waumini kama wewe. Sheria ya kimataifa hailijui neno hilo. Haina daraja la kwanza la dini zenye makanisa ya mawe na daraja la pili la dini zenye redio ndogo mtaani. Maandamano yao yangeweza kuwekewa masharti, pengine hata kukatazwa, kwa sababu yalikuwa barazani. Imani yao haikuwa ya mtu kuihukumu. Na katika ibara ya 61, yaliyokanyagwa asubuhi ile ni jambo la kwanza na jambo la saba kwa pamoja.

Msomaji wa Kenya au Uganda ataniuliza: vipi Shakahola? Vipi Kanungu? Swali ni la haki. Kanungu iko mpakani na Rutshuru, na tarehe 17 Machi 2000 mamia ya wafuasi wa kundi la Amri Kumi waliteketea humo ndani ya jengo lao la ibada. Katika msitu wa Shakahola, kuanzia Aprili 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofunga hadi kufa. Kisheria kesi hizo ni nyepesi kuliko zinavyoonekana. Mtoto anayenyimwa chakula ana haki ya kuishi. Hakuna mkataba unaomruhusu mchungaji kumwua. Serikali zile zilikosa kwa kutofuata ushahidi uliokuwepo, jirani aliyeripoti na polisi aliyepuuza. Hazikukosa kwa kuwa na uhuru mwingi. Ng'ambo ya mpaka wa Goma, Rwanda ilichukua njia nyingine: mwaka 2018 ilifunga maelfu ya nyumba za ibada kwa sababu za vyoo, kelele na majengo, kisha ikatunga sheria inayodai viongozi wa dini wawe na shahada. Choo ni afya, sikatai. Shahada ni jambo jingine. Petro mvuvi asingepata kibali Rubavu, upande ule wa mpaka.

Kuna hatari nyingine, ambayo haiji na barua wala muhuri. Tarehe 1 Mei 2021, wakati wa Ramadhani, Sheikh Ali Amini alipigwa risasi msikitini Beni akiwa katika sala ya jioni. Alikuwa akiwakemea hadharani wanaoua kwa jina la Uislamu. Tarehe 15 Januari 2023 bomu lililipuka katika kanisa la Kipentekoste Kasindi watu wakiwa kwenye ubatizo. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025, huko Komanda katika Ituri, wapiganaji wa kundi la ADF waliwaua watu zaidi ya 40, wengi wao wakiwa katika mkesha kanisani. Namtaja shekhe kwanza kwa makusudi. Anayedhani vita hivi ni vya Waislamu dhidi ya Wakristo aanze na damu iliyomwagika kwenye mkeka wa sala wa Beni.

Kwa watu wenye bunduki sheria ina sura ya pili. Itifaki ya Pili ya Nyongeza ya Mikataba ya Geneva inayabana hata makundi ya waasi: yaheshimu imani na ibada za watu walio mikononi mwao, yasishambulie mahali pa ibada. Mkataba wa Roma ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ambao Kongo iliuridhia Aprili 2002, unafanya shambulio la makusudi dhidi ya jengo la dini lisilotumika kijeshi kuwa uhalifu wa kivita. Mwaka 2016 mahakama hiyo ya The Hague ilimfunga Ahmad al-Faqi al-Mahdi miaka tisa kwa kubomoa makaburi ya mawalii wa Timbuktu. Ikaja kesi ya Bosco Ntaganda, mtu ambaye Goma ilimwona kwa macho, jenerali aliyeishi humu huku hati ya kukamatwa kwake ikiwa imekwisha kutolewa. Alihukumiwa miaka 30 mwaka 2019. Lakini kuhusu kanisa la Sayo huko Ituri, lililovamiwa na askari wake baada ya mahali hapo kutekwa, majaji walisema hilo halikuwa “shambulio”, kwa sababu mapigano yalikuwa yamekwisha. Rufaa ya mwendesha mashtaka ilikataliwa tarehe 30 Machi 2021, majaji wakiwa wamegawanyika.

Uamuzi huo naupinga. Kanisa katika nchi hii huharibiwa zaidi baada ya mapigano, wakati hakuna wa kulilinda, mabati yanapong'olewa na mabenchi kugeuzwa kuni. Sheria inayolinda jengo wakati risasi zinalia tu inawaacha watu wa Munigi bila kinga katika saa wanayoihitaji zaidi.

Tangu mwisho wa Januari 2025 Goma na Munigi ziko mikononi mwa waasi wa AFC/M23. Februari ile kambi zilizouzunguka mji zilivunjwa, na makanisa ya turubai yakakunjwa pamoja nazo. Tarehe 12 Februari maaskofu Wakatoliki na viongozi wa Kiprotestanti walifika Goma kuzungumza na viongozi wa kundi hilo kuhusu amani. Anayetawala mji kwa bunduki hawezi kusema kwamba mikataba ilisainiwa na Kinshasa, haimhusu. Kwa muda wote atakaoshika eneo na watu wake, sheria ya vita inamdai aheshimu ibada zao. Na Kinshasa nayo haijafutiwa deni lake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama uko Munigi au mahali panapofanana nayo, na siku moja ibada yenu ikafungwa, anzeni na kalamu. Andikeni tarehe, saa, jina la ofisi iliyotoa amri, na maneno yaliyosemwa. Ombeni amri kwa maandishi. Wakikataa, andikeni kwamba wamekataa. Mwulizeni aliyetoa amri ni sheria ipi na ushahidi upi. Nendeni mahakamani kwanza pale inapowezekana, kwa sababu Banjul itawauliza kama mlijaribu nyumbani, na pale isipowezekana, andikeni kwa nini haikuwezekana. Kuandika kwa Tume ya Afrika hakuna ada, na wakili si lazima. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, huko Geneva, nayo inapokea malalamiko ya mtu mmoja mmoja kutoka Kongo tangu mwaka 1976. Itachukua miaka. Hifadhini nakala mahali ambapo lava na askari hawafiki, hata kama ni kwa jamaa aliye mbali, na msisubiri vita viishe ndipo mwanze kuandika.